Tairi za Mbele

Mjukuu wangu Riziki,

Marahaba, salamu zako zimetufikia hapa Ujiji. Bibi yako hajambo, goti limepoa.

Unauliza kama tairi za mtumba zitalifikisha lori lako Dar. Nyuma weka, ukishazikagua. Mbele nunua mpya, hata za bei ya chini.

Nilipokuwa nikipeleka dagaa wa Kibirizi huko Tabora, nilifunga mbele mbili za mtumba. Nilizigonga kwa nyundo zikalia vizuri, nami sikuuliza zilikotoka. Lakini kila nikifika kona moja mbele ya Uvinza, usukani ulivuta kushoto. Kona ile tu. Safari ya tatu nikasimama, mchana kweupe, nikashuka. Bondeni, upande uleule wa kushoto, lililala lori lililopinduka. Tairi za mbele halikuwa nazo.

Mama aliyekuwa akiuza mahindi pale akaniambia, "Walizifungua siku ileile, baba. Dereva alikuwa bado yumo ndani."

Sikuwa na tairi nyingine. Nilisimama ukingoni nikamsomea marehemu Fatiha, kisha nikawasha gari. Usukani ukanyooka wenyewe, kama mtu aliyekwisha kusikilizwa.

Ni mimi babu yako.