Nane Imetoka Wapi

Shoga, leo nimeaibika mpaka jasho limenitoka.

Yule binti wa dawati la mbele, mpole yule, kanifuata ofisini na karatasi yake ya mtihani. "Mwalimu, swali la nne umenikosesha. Naomba tuliangalie."

La nne ni ule mlinganyo wa kipeo cha pili, x² − 2x − 15 = 0. Yeye kaandika 5 na −3. Mwongozo wangu wa kusahihisha unasema 5 na −8.

Akaweka −3 mahali pa x, walimu wote wanatazama. Ikaja sifuri. Akaweka −8. Ikaja 65.

Sitini na tano, shoga. Nilitamani ardhi inimeze.

Kumbe nilipokuwa nanakili majibu kutoka kwenye karatasi yangu ya kukokotolea, tatu yangu mbaya niliisoma nane. Sawa, kosa langu.

Lakini nimerudia karatasi zote. Wanafunzi kumi na mmoja wameandika −8. Kumi na mmoja, na wote nimewapa vema.

Hata ukokotoe umelala, nane haitoki kwenye swali lile. Inatoka kwenye mwongozo wangu tu.

Na mwongozo haujatoka kabatini kwangu. Ila ile picha yake niliyokutumia wewe Alhamisi, kabla ya mtihani, mwalimu mwenzangu, unihakikie. Ukajibu "iko sawa".

Nimewauliza mmoja mmoja, tuisheni ya Jumamosi wanasoma wapi. Wote wametaja sebule yako.

Naona unaandika, unafuta, unaandika tena. Shoga, hili halina majibu mawili.