Mvumo wa Ilimba ya Mjomba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Ofisi imefungwa, watu wako maonyeshoni. Mie nimebaki na laptop na nyimbo za Mjomba. Nimemaliza kuzisafisha zote sita!

Nilimrekodi mwenyewe Februari, hapa hapa sebuleni Kipawa, akipiga ilimba yake ya Kigogo – kile kisanduku chenye vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Friji nilizima, feni nilizima, dirisha nikafunga. Bado! Tiki, tiki ya waya mbovu wa maiki. Jogoo wa jirani. Ndege zinazotua uwanjani. Na chini ya kila noti mvumo, zzzz, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

Tiki nimeziondoa moja moja, wiki tatu, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Mvumo nilielekezwa na Twalib wa mlango wa pili, anayetengeneza biti za muziki wa singeli. Alisema unaionyesha programu kipande cha kelele tupu, inakijua, halafu inakifuta kila mahali. Nikaionyesha mwisho wa noti, pale kidole kimeshaondoka na zzzz imebaki peke yake. Ikafuta yote. Sasa kila chuma kinasikika.

Laptop imejaa, kwa hiyo zile chafu nimezifuta. Hadi kwenye pipa la taka nimezifuta. Mtu akishaoga hatunzi maji aliyoogea.

Jumanne, 8 Julai

Auleria kapiga simu, binti yake Mjomba. Wanakuja Alhamisi kutoka Dodoma. Jumatatu Mjomba ana kliniki Mwananyamala, ya mkono. Tangu kile kiharusi cha Mei mkono wa kulia haushiki hata kijiko.

Nikauliza kama anapiga ilimba kidogo kidogo. Auleria akasema: dada, kidole gumba hakinyanyuki, atapigia nini?

Kumbe kijijini hakuna aliyewahi kumrekodi. Kila mwaka walisema mwakani. Kwa hiyo zimebaki hizi zangu sita, basi. Nimemhurumia Mjomba, halafu nimejisifu. Naandika ukweli.

Jioni nimefagia nyumba nzima, utando wa buibui nimetoa kila kona.

Alhamisi, 10 Julai

Wamefika saa tisa. Shikamoo, Mjomba. Marahaba, mama – huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Kakonda. Ilimba kaja nayo kwenye mfuko wa kitenge, Auleria kalalamika njia nzima inabebwa ya nini.

Baada ya kula nikawasha spika. Wimbo wa kwanza. Mjomba kainamisha kichwa. Nikakaa kusubiri sifa. Wimbo ukaisha, akauliza kwa adabu kabisa: huyu anayepiga ni nani?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema ni wewe, Mjomba, Februari. Akasema mikono ni yake, ilimba si yake. Hii imekufa. Sauti yake iko wapi?

Akaitoa ilimba mfukoni, akaigeuza. Tumboni kuna tundu, na juu ya tundu kakaratasi keupe, kembamba, kamegandishwa kwa nta. Ni kale kautando ambako buibui hufunikia mayai yake ukutani. Anakabandika makusudi ili kila noti ivume. Bila hako, alisema, unagonga vyuma tu. Akabonyeza chuma kimoja kwa mkono wa kushoto.

Zzzz. Ile ile!

Nimezaliwa Dar, Kigogo changu ni cha kuombea maji ya kunywa. Sawa. Lakini hata kuuliza? Siku nne nilikaa naye na maiki mkononi, na sikumuuliza hata siku moja ile zzzz ni nini.

Mjomba kaomba nimpigie rekodi ya mwanzo, yenye mvumo. Nimesema nitaitafuta. Mwongo mkubwa mie.

Ijumaa, 11 Julai

Twalib kashinda na laptop yangu kutwa. Programu ya kufufua vilivyofutwa. Kafufua risiti za ofisi, picha za sherehe ya send-off ya bibi harusi nisiyemkumbuka. Nyimbo hakuna. Majina yapo, ndani matupu.

Nikaanza kumpandishia sauti kwamba yeye ndiye aliyenielekeza. Akasema, "Sista, we uliniambia kuna kelele. Mie nikajua feni! Ungesema ni chombo chenyewe kinavuma, ningekwambia usiguse."

Kweli. Sina pa kumshika. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Mjomba ukweli. Alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Akauliza: zote sita? Zote, Mjomba. Akamaliza uji. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Halafu kaomba azisikie tena hizo zilizokufa. Zote sita kasikiliza, macho kafumba, gumba la kushoto linacheza juu ya goti. Mwisho akasema baba yake alimfundisha hivi hivi, tundu likiwa wazi, ili kosa lisipate pa kujificha. Utando alikuja kubandikiwa baadaye.

Akauliza, "Mama, humu ndani mna buibui?"

Nikasema hamna, nimesafisha! Akaniambia nisogeze kabati. Nyuma yake, ukutani, vikaratasi vyeupe vitatu, vimejipanga. Aibu iliyoje. Kakabandua kamoja kwa wembe, polepole, kakaweka kwenye kiberiti kitupu, kiberiti katia mfuko wa shati. Halafu kachukua ilimba, na kale ka zamani kakakwangua kwa ukucha. Nusura nipige kelele.

"Kesho unakaa kulia kwangu," akasema.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani sijaenda. Tumekaa kwenye kochi tangu asubuhi, ilimba nusu pajani kwake, nusu kwangu. Gumba lake la kushoto, langu la kulia. Spika mbele yetu inapiga wimbo wa kwanza, Twalib kaupunguza mwendo. Kazi yangu ya wiki tatu imefaa kitu hiki kimoja: kila chuma kinasikika, nasikia kabisa kidole chake cha kulia kilikuwa kinakwenda wapi. Na cha kwangu kinakosea wapi.

Kesho kliniki. Basi la kurudi Dodoma ni Alhamisi, Auleria kashakata tiketi. Nyimbo sita. Tuko nusu ya wa kwanza.

Nimemuuliza utando tunabandika lini. Akasema ukiacha kukosea.

Nimekosea pale pale mara kumi na moja. Kila mara mkono wake wa kushoto unasimama, unanisubiri, unaanza upya. Auleria kaacha vyombo, kasimama mlangoni anatuangalia. Saa kumi Twalib kaja na maiki yake nzuri, kauliza aanze kurekodi? Mjomba kagonga mfuko wa shati, kiberiti kikalia. Kasema bado.

Nimekuja chumbani kutia kidole kwenye maji ya chumvi, gumba limevimba. Naandika kwa shida. Sebuleni Mjomba kaanza upande wake peke yake. Kafika pale ninapokosea. Kasimama. Haendelei, ananisubiri –