Ruta Nimeagiza Ifungwe Stoo

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, Ngamiani yote tope, na mimi ndani. Hata lingewaka jua ningekuwa ndani: nimekaa eda ya mume wangu, Salehe.

Leo alikuja fundi wa faiba kupima nyumba; waya wenyewe utaingia kesho. Nimechoka na bando linalokatika katikati ya hoja humu mtandaoni, wakati mpinzani ndiyo kwanza nimemkaba koo. Nilikaa chumbani nyuma ya pazia, kaka yangu Bakari akamtembeza. Nikapaza sauti: ruta ifungwe stoo ya uani, juu ya masufuria.

Upuuzi mtupu, na nilijua. Stoo iko mwisho wa nyumba, kuta zake nene. Mtandao usingefika hata ukumbini.

"Lakini mama, kule..." fundi akaanza.

Lakini! Tangu tumzike Salehe hakuna aliyeniambia lakini humu ndani. Nikajiweka sawa mkekani, nikaanza kupanga majibu.

Bakari akamkata: "Kijana, fuata anavyosema. Mama yuko eda."

"Sawa, mama."

Nililia, na si kwa sababu ya ruta.

Mimi na Salehe tulioana miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, baada ya foleni za sukari na sabuni. Yeye alishangilia soko huria. Mimi nililia na viwanda vyetu vya Tanga, vikifungwa kimoja kimoja. Tulibishana wakati wa futari, tulibishana tukitandika kitanda. Simu za kampuni binafsi zilipoingia mjini nilimwandalia hotuba nzima. Akaisikiliza hadi mwisho, akamaliza kahawa yake, akasema, "Umekosea pale ulipoanzia."

Nilitaka kummwagia birika. Leo ningetoa dhahabu yangu yote nilisikie tena neno hilo.

Kuhusu ruta, najua angesemaje: "We bibi, panya wa stoo wana nini cha kuperuzi?"

Fundi alipoondoka nikamwita Bakari, nikamuuliza yeye anaonaje.

"Utakavyo, dada."

Majirani, utakavyo. Wanangu kwenye simu, utakavyo, mama. Wanadhani wananihurumia. Kumbe wamenizika pamoja naye, ila mimi wananiletea uji.

Basi nasema na ninyi mnaosoma hapa, mliozoea kurushiana nami maneno bila kuchoka. Pole zenu nimezipokea, Mwenyezi Mungu awalipe, zinatosha. Kesho fundi anarudi na drili. Kabla hajatoboa ukuta, mmoja wenu aniambie nimekosea. Aniambie kwa hoja, asinionee haya wala huruma.

Nitambishia, najijua.

Na yeye asikubali.