Tunaomba Radhi kwa Niaba Yako

Jumatatu, 3 Machi

Kozi ya kutengeneza tovuti imeanza. Tuko kumi na wanne, kompyuta moja! Mwalimu — kijana mdogo kuliko mpwa wangu, tai inamfika magotini — ametugawia viberiti vitupu. Eti ndiyo vipanya. "Bofya!" Tunagonga mezani. "Bofya mara mbili!" Tak-tak. Miaka ishirini na miwili nimepiga taipu, ofisi ikaniondoa kwa barua ya mistari miwili — leo nasifiwa kwa kugonga kiberiti. Nimeshabatizwa Mama Taipu. Lakini shule ya jirani inatafuta mtu wa kutunza tovuti yake, na mkuu wa shule kaniambia: lete cheti, kazi ni yako. Basi nagonga.

Alhamisi, 13 Machi

Mtihani. Kila mtu atengeneze ukurasa wa biashara ya kubuni. Wenzangu wote — maduka ya viatu. Mimi asubuhi nilikuwa nimegombana na wifi yangu, kaunguza sufuria na samahani haimtoki. Mtu kama yule angetuma mwakilishi! Hapohapo nikapata. TUNAOMBA RADHI KWA NIABA YAKO. Haraka, kwa heshima, na machozi yakihitajika. Palipotakiwa namba ya simu nikaweka yangu. Sijui namba ya kubuni inafananaje.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu kabofya kitu. Kurasa zetu zote ziko hewani, dunia nzima inaziona. Anasema hakukusudia. Anasema pia hajui kuzishusha. Mwalimu wa tovuti!

Jumatatu, 17 Machi

Simu. Mwanamume, mwenye bucha. Hapo ni ofisi ya radhi? Nikamwambia hapana, huu ni mtihani. Akasema hata yeye yuko kwenye mtihani: alikoroma wakati mama mkwe anawahutubia wageni, mke kaondoka na mama yake, mwezi wa pili huu. Akaanza kuvuta kamasi. Nikamwonea huruma — kosa langu hilo.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe wake. Bibi mwenyewe kafungua mlango. Nikajieleza: nimetumwa na mkweo. Akasema sawa, kaa. Kisha akaanza kunisema mimi!

"Kwa nini ulikoroma?"

"Mama, si mimi."

"Umekuja kuomba radhi au kubisha?"

Saa nzima nasemwa, kichwa chini. Nikaikumbuka ile barua ya ofisi, na kwamba hakuna hata mmoja aliyenifuata kuniambia pole — machozi yakanitoka yenyewe. Bibi akalainika. Akanifuta uso kwa upindo wa nguo yake.

"Basi, mwanangu. Nimekusamehe. Kesho uje umchukue mkeo."

Ijumaa, 28 Machi

Nimefeli! Peke yangu. Maduka ya viatu yote yamefaulu, na hakuna lililouza hata kamba. Nikamfuata mwalimu, kosa langu nini? Akasema biashara ya kubuni haitakiwi kuwa na wateja. Mimi ninao wanane. Nikamwambia, mwanangu, kazi ya shule ndiyo tegemeo langu, niangalie tena. Sheria ni sheria, akasema, akanitazama viatu.

Wifi anacheka mpaka anashika ukuta.

Jumatano, 2 Aprili

Kumekucha na kelele. Mwenzetu muuza mitumba kapeleka cheti chake kule shuleni, mkuu kakigeuza mbele na nyuma, kampigia mtu simu: chuo hiki hakijasajiliwa popote. Vyeti vyote ni karatasi tu! Tumefika chuoni — mwalimu kajifungia ndani. Kumi na watatu wanagonga dirisha. Mimi niliyefeli nimekaa ngazini, sijui nikasirike na nani kwanza.

Simu ikalia.

"Hapo ni ofisi ya radhi?" Ananong'ona. Sauti naisikia mara mbili — sikioni na mlangoni.

"Mwalimu?"

"Mama Taipu, nisaidie. Waambie karatasi za usajili nilipeleka tangu mwaka jana. Waambie nilidhani zingejibiwa."

Nikasimama ngazi ya juu. Jamani, nikasema, nimetumwa. Wote wakanigeukia! Muuza mitumba akauliza: umetumwa na nani, na wewe si mwenzetu?

Nikarudi kwenye simu.

"Mwalimu, hawa wanataka machozi."

"Toa, Mama."

"Hayaji. Niambie mimi kwanza."

"Nikuambie nini?"

"Unajua."

Nimeketi tena, daftari gotini, simu nimeibana kwa bega. Kule chini wananingoja mimi. Mimi namngoja yeye. Hajakata. Namsikia anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuanza —