Jirani Yangu wa Vwawa Ameanza Kuniheshimu

Mama Ruti, mshauri wetu, nakusalimu na nakuomba msaada, ila usinicheke, maana jambo hili nikimwambia mume wangu anasema raha imenizidi, na nikiwaambia ndugu zangu Tanga hawaelewi hata ninacholilia.

Mimi ni mwanamke wa Tanga, ndoa ndiyo iliyonileta huku Tunduma, mpakani na Zambia, mume wangu Habibu ana lori la mizigo na muda mwingi yuko njia ya Zambia na Kongo, binti yetu Bushra yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani ni mimi na redio, na sokoni nauza vitenge. Banda linalofuata langu ni la Jenista, anauza mitumba ya watoto, mtu wa Vwawa huyo, asubuhi anakuja na gari na jioni anarudi kwao, hakubali kulala Tunduma hata mvua inyeshe namna gani, anasema akilala huku ataamka na vumbi mpaka kwenye meno.

Basi Mama Ruti, tangu tujuane tulikuwa tunashindana miji, sijui hata nani alianza, yeye akishuka tu kwenye gari anapaza sauti, "Poleni watu wa Tunduma, jogoo wenu bado anawika kwa kwacha?" nami namjibu, "Karibu mtu wa Vwawa, mji gani ule, ofisi zikifungwa na mji nao unafungwa!" naye atasema wao ndio makao makuu ya mkoa, tukitaka muhuri tutawafuata kwa magoti, nami nitasema muhuri hauliwi, sisi dunia nzima inapita kwetu, naye ananimaliza, "Inapita, haikai, ina akili." Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wale akina mama tunaowaita bamayo, walikuwa wakifika wanauliza kwanza leo nani ameshinda ndipo waulize bei. Hata mama yake, bibi Tumpale, ambaye sikuwahi kumtia machoni, aliingia humo humo, akawa ananitumia parachichi kwa mkono wa Jenista na salamu juu yake, "Mpelekee huyo wa vumbi, naye aonje chakula cha watu," nami nikampelekea kitenge, nikamwambia ajifunike, baridi ya mji wao inaua mpaka kuku. Jenista aliniambia mama alicheka hadi akakohoa, na kitenge kile akawa anakwenda nacho kanisani.

Na ajabu ni kwamba Tunduma si kwetu! Siku naletwa huku nilikuwa nalia njia nzima. Lakini kwa kumjibu Jenista kila siku nimejikuta naipenda, nikienda Tanga nikasikia mtu anasema Tunduma ni foleni ya malori tu nawaka, ndugu zangu wanaishia kunicheka na kuniita mtu wa Tunduma.

Mwaka huu mvua zikiwa zinaishia bibi Tumpale akafariki. Nilifunga banda, nikavaa baibui, nikapanda gari la Vwawa, na njiani nilikuwa nauonya mdomo wangu, najiambia Zaitun, wewe ni mgeni, tena Mwislamu msibani kwa Wakristo, leo usije ukatoa neno la kipuuzi ukatuaibisha. Nilipoingia uani wanawake waliokaa kwenye mikeka waligeuka wote wakaanza kunong'onezana, "Ndiye huyu, ndiye huyu wa Tunduma," nikajua hawanitaki. Jenista alikuwa ameegemea ukuta, amejifunga kitenge kile kile nilichompa mama yake, akainua uso macho yamevimba, akasema kwa sauti wote wakasikia, "Watu wa Tunduma ndiyo mnafika saa hizi? Haya, mmekuja na nini?" Nikamjibu kwa adabu zangu zote, "Tumekuja na pole, dada yangu, Mungu akutie nguvu." Akauinamisha uso tena. Akasema, "Asante." Nikatoa rambirambi, nikakaa pembeni, na tulipotoka makaburini nikapanda gari nikarudi.

Sasa tangu arudi sokoni, Mama Ruti, ananiheshimu. Asubuhi ni "Habari za asubuhi, mama Bushra," jioni ni "Kwa heri, mama Bushra." Siku moja nikamchokoza, "Vwawa leo mmeliona jua au bado linasubiri kibali?" akanijibu, "Tumeliona, tunamshukuru Mungu." Wallahi nilikwenda nyuma ya banda nikalia kama mtoto. Nikamuuliza kama nimemkosea, akasema, "Hapana, wewe ni mtu wa heshima, msibani nilikuona." Na sasa nasikia kwa watu kwamba mdogo wake Barnaba amempatia fremu ya duka huko kwao, wakishasimika msalaba wa mama yao mwezi ujao anahamisha biashara, na kuniambia hajaniambia. Bamayo wakiuliza leo nani ameshinda nawatajia bei tu. Habibu ananiambia kama naona upweke nirudi Tanga, nirudi nikafanye nini, huko nako mimi ni wa Tunduma. Nina mji wa kuutetea, Mama Ruti, ila sina mtu wa kunibishia. Nimemkosea nini huyu dada, na nifanye nini asiondoke namna hii?

Zaitun, muuza vitenge, Tunduma

*

Zaitun mwanangu,

Pole. Nimeshasema pole, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mwanamke amefiwa na mama yake. Macho yamevimba. Anainua kichwa mbele ya ukoo mzima na kukuuliza, "Mmekuja na nini?" Hivi wewe ulidhani anauliza ili ajue? Alikuwa anakuita! Amekufungulia mlango, amekushika na mkono, wewe ukasimama kizingitini unatoa pole kama mjumbe aliyetumwa na ofisi. Lo!

Umekulia Tanga, usiniambie hujawahi kumwona mtani msibani. Mtani ndiye anayeingia akilia kilio cha uongo, anadai nyama, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na mfiwa ambaye hajameza hata uji anacheka mara moja na kupata pumzi. Ndugu wanalia, majirani wanapika, mtani anachekesha. Ndiyo kazi yake, na hakuna anayemwita mkosa adabu. Wa kulia naye Jenista alikuwa nao, uani palijaa. Wa kumchekesha alikuwa mmoja tu, naye siku hiyo alikuwa anauonya mdomo wake.

Utaniambia ule si utani wa kabila wala wa ukoo, ni maneno ya sokoni tu, ya miji. Nani kakudanganya? Wale wanawake wa kwenye mikeka walikuwa wanakungoja, mwanangu. "Ndiye huyu" maana yake walishasimuliwa habari zako zamani, wakakaa mkao wa kusikia mtu wa vumbi atakuja na lipi. Na kitenge ulikiona kiunoni kwa mfiwa kwa macho yako mwenyewe. Marehemu naye alikuwa mtani wako, na umemzika kama mtu usiyemjua. Jenista akajisemea moyoni, kumbe miaka yote nilikuwa napiga kelele peke yangu, huyu alikuwa jirani wa banda tu. Ndiyo maana sasa anakupa heshima. Wageni hupewa heshima.

Sikuchukii, nakuonea huruma. Umeishi huko miaka yote ukijiita mgeni, hata pale watu walipokuwa wamekuwekea nafasi kwenye mkeka hukuiona. Hilo linauma, nalijua, nami nimeolewa mbali na kwetu.

Sasa sikiliza. Usimtumie ujumbe wa simu wa kuomba radhi, na usimtume mtu. Usimwombe asihame pia. Huenda atahama kweli, na mimi siwezi kukuahidi vingine, lakini Vwawa si Ulaya, ni nauli ya gari moja, na mtu hutetea mji wake vizuri zaidi akiwa amekaa ndani yake. Mimi mwenyewe ni wa Mbeya, na kusema ukweli miji yenu yote miwili kwetu ni mahali pa kununulia maji ukiwa safarini, lakini hayo tuyaache, leo una shida.

Siku ya kusimika msalaba funga banda, panda gari la kwanza la asubuhi. Beba mfuko wa vumbi la Tunduma, lile la barabarani kabisa, lenye historia ya malori. Kabla hujaingia uani mtafute huyo Barnaba umweleze nia yako, maana ukionekana na mchanga usiojulikana kwenye kaburi la watu utajieleza mpaka kesho. Akishakuelewa, ingia na kelele zako. Sema watu wa Tunduma mmefika, mna njaa, na fundi asithubutu kuchanganya saruji mpaka vumbi hili liingie ndani yake, kwa kuwa bibi Tumpale amelisema maisha yake yote na hawezi kulala bila hilo. Sema mmechelewa kwa sababu ya foleni. Wakikutazama, endelea. Miguu ikiisha nguvu, kaa chini na udai chai.

Jenista akilia, mwache alie. Na akikutukana, wewe na vumbi lako na mji wenu wote, usifanye haraka kujibu. Yapokee yote mbele za watu, mpaka amalize, maana hayo ndiyo uliyokuwa unayalilia nyuma ya banda. Akishamaliza, ndipo umshike mkono umwambie pole.

Mama Ruti