Umeniletea mke mwenza garini

Mume wangu mjukuu,

Chai iko kwenye chupa. Paka ameshakula, asikudanganye.

Nakwenda kliniki na fundi cherehani wa jirani, maana uko bafuni na mimi bado nina donge nawe moyoni. Hicho kifaa chako cha kunusa rada za polisi umekifunga vizuri kiooni, na waya ukaupitisha mbali na magoti yangu. Hilo nimeliona, asante. Lakini asubuhi, tukienda kununua mkate, nilikuambia, "Punguza mwendo, askari yule pale." Ukanijibu, "Bibi, nyamaza kidogo, nikisikilize."

Miaka yote kazi hiyo ilikuwa yangu.

Haya, mke mwenza alisema nini? Kimya, mpaka askari akatusimamisha. Tulipofika dukani ndipo akapiga kelele, akiulilia mlango unaojifungua wenyewe, akidhani ni rada.

~~Usinifuate.~~ Saa sita njoo unichukue, kama mke mwenzangu ataruhusu.

Fundi yuko nje ananingoja. Yeye hana kifaa. Ameniomba nikae mbele, nimwangalizie barabara.

Bibi yako