Ufunguo wa Stoo na Miguu ya Bonge

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, tarehe 9 Juni

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, na kabla sijasema lolote nijibu haya: mgongo wako unaendeleaje? Bado unalala sakafuni, au wifi ameshakurudisha kitandani? Na mwanenu, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie shangazi yake amemkumbuka mpaka anamwota, na picha yake yenye kofia iko ukutani karibu na kalenda.

Sisi huku tunapumua. Mimi sijambo, ingawa vidole vyangu ni vyeusi kwa wino kama siku zote, maana kiwandani tunachapa madaftari ya shule mfululizo na mashine namba mbili imeanza tena ukorofi wake. Baba bado anakaa dirishani na saa zake za watu, nitakuja kwake baadaye. Mama ni mzima wa mwili.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Kaka, tatizo si mtandao. Simu yako inaita, Mama anaisikia, anatazama jina lako, anaigeuza kifudifudi, kisha anaendelea kuchambua mchele. Wiki mbili sasa. Nikimpelekea simu yangu ananiambia mikono yake ina maji, hata kama ameketi sebuleni na mikono mikavu. Kosa ni letu wawili, mimi na wewe, na ningekueleza kwa simu ungenikatiza kabla sijafika nusu. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, tafadhali, na usiruke.

Nianze na Bonge, kwa sababu yeye ndiye chanzo. Siku rafiki yako dereva alipomshusha mlangoni, alikuwa na miezi miwili na masikio makubwa kuliko kichwa. Ulituandikia kwamba ni mbwa wa ukoo mkubwa, atakuja kufika kiunoni, na kwamba tumtunze vizuri. Kaka, hilo neno "vizuri" ulimwambia nani? Ulimwambia mwanamke aliyepima watoto wa watu kliniki kwa miaka thelathini na moja, anayeitwa Mama Mizani mpaka sokoni. Unajua mwenyewe alivyo. Kwake yeye mtoto mzuri ni mtoto anayeongezeka.

Basi Mama alitafuta kadi. Mimi huleta nyumbani makaratasi yaliyoharibika kiwandani, na katika rundo hilo kulikuwa na kadi za kliniki tulizozichapa rangi zikapishana. Akachukua moja, akaandika "Bonge" mahali pa jina la mtoto, na mahali pa jina la mama akaandika lake. Mizani yake ya zamani, ile waliyompa alipostaafu, akaining'iniza kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Kila Jumamosi asubuhi Bonge alivishwa ile suruali ya kupimia watoto, akaning'inia pale miguu inaelea, anatutazama kama tumemwonea. Baba alicheka mpaka machozi. Mama hakucheka, alikuwa anasoma mshale.

Na mstari ulipanda, Kaka. Ulipanda mpaka ukatoka nje ya kadi, ikabidi agundishe kipande kingine juu. Asubuhi uji wa maziwa, saa nne yai, mchana wali na nyama, jioni hivyo hivyo, halafu vile vidonge vya kuimarisha mifupa ulivyokuwa unatutumia, viwili viwili, na mafuta ya samaki kijiko kizima. Ukipiga simu swali lako la kwanza lilikuwa kilo ngapi. Mama akikutajia unapiga mluzi, naye anashinda siku nzima anatabasamu. Sikulaumu, mimi mwenyewe nilikuwa najisifu naye kiwandani.

Mimi nilikosea kwa njia yangu. Nilimwona anakuwa mnene, nikasema dawa yake ni mbio. Kila alfajiri nikamfunga kamba, tukapanda kile kilima cha lami mpaka geti la kiwanda na kurudi, na siku ambayo mvua ilinyesha nilimpandisha ngazi za jengo letu mara sita. Aliponisihi kwa kulala chini nilimvuta. Nikikumbuka sasa naona haya.

Alipofikisha miezi minne alianza kuchechemea. Tukadhani amekanyaga msumari. Kisha miguu ya mbele ikaanza kupinda, vifundo vikavimba, nyayo zikatazama nje, moja huku moja kule. Siku moja aliamka, akajaribu kusimama, akakaa tena. Mama alimbeba mwenyewe mpaka kwa daktari wa mifugo, kilo kumi na tisa, na hakutaka nimsaidie.

Daktari ni mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alipiga picha ya mifupa, akaitazama, akaomba kuona chakula chetu kwenye karatasi. Mama akamtolea kadi kwa fahari. Daktari aliishika muda mrefu. Akasema, "Mama, huu mstari ndio ugonjwa wenyewe." Akatueleza kwamba mbwa wa ukoo mkubwa lazima akue polepole, kwamba uzito ukitangulia mifupa, mifupa inakubali kupinda, na vile vidonge vinaharibu zaidi ya kujenga. Alitaka mbavu za Bonge zisionekane kwa macho lakini ukipitisha kiganja uzihesabu. Zake zilikuwa zimezama.

Tukapewa sheria. Vidonge na maziwa basi. Chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, kikombe kilichopimwa, mara tatu kwa siku, na kikombe kikiisha kimeisha. Matembezi ya dakika ishirini tu, mara mbili, kwenye nyasi, mwendo wa mzee anayetoka kusali. Ngazi abebwe. Hakuna kuruka wala kukimbizwa, na hapo alinitazama mimi. Baada ya wiki nne angeangalia miguu. Ikiwa inaendelea kupinda atalazimika kukata mfupa na kuuunga upya, bila ahadi yoyote, au tumlaze usingizi asioamka. Mama alisema "sawa" mara moja tu.

Jumamosi ya kwanza aliongezeka nusu kilo. Tukashukuru. Jumamosi ya pili mshale ukaenda kilo mbili nzima. Nilimshusha nikampima tena, nikidhani mizani imekwama. Kilo mbili, Kaka, na mguu wa kushoto umezidi kupinda. Chakula nilikuwa nakipima mimi. Kwa hiyo palikuwa na mkono mwingine.

Nani mwingine? Mama ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo. Yeye ndiye niliyemkuta siku mbili kabla amepiga magoti mbele ya Bonge anamwambia, "Vumilia mwanangu, najua njaa." Nilimuuliza kwa ukali ambao sijawahi kumtolea mtu yeyote. Akasema hakumpa kitu. Nikamwambia atamuua kwa huruma yake. Akaapa. Nami mbele ya Baba nikanyoosha mkono nikadai ufunguo wa stoo, nyumbani kwake, kwenye stoo aliyoipanga kabla sijazaliwa. Alinipa. Baba aliinamia saa yake.

Halafu nikakupigia wewe, ukampigia yeye. Sijui ulimwambia nini, ila niliona uso wake. Nilisikia tu upande wake: "Ndiyo mwanangu. Ndiyo. Nimesikia." Tangu siku hiyo simu yako inalala kifudifudi.

Wiki iliyofuata nyumba ilikuwa baridi. Mama alizusha desturi mpya: kila tunapoketi kula, yeye anamfunga Bonge kamba na kumtoa nje, dakika zake ishirini, chakula chake anakula baadaye peke yake. Nilijua amenuna na hataki kukaa meza moja nami. Jumamosi ya tatu Bonge hakuongezeka hata robo. Nikajipongeza, nikaupapasa ufunguo mfukoni, nikasema moyoni, umeona?

Alhamisi hii iliyopita nilikuwa nafua. Nikashika koti la Baba la kazini, lile la mifuko minne, nikatoa miwani, bisibisi ndogo, na kitu laini kilichofungwa kwa gazeti. Nikafungua. Nyama. Vipande vitano vya nyama vilivyotafunwa pembeni tu, na ganda la mkate. Mfuko wa pili, hivyo hivyo, vya siku iliyotangulia, vimeanza kunuka.

Nikaenda navyo dirishani. Baba aliviona mkononi mwangu, akaweka chini kile kioo chake cha jicho. Hakukana. Alipeleka mkono mdomoni, akatoa yale meno uliyomtengenezea ulipokuja likizo, akayaweka kwenye kitambaa kati ya saa za watu. Ufizi wake wa chini una kidonda chenye upana wa kucha yangu. Yanamkata, Kaka. Yamemkata tangu siku ya kwanza. Hawezi kutafuna nyama wala ganda la mkate, na kwa kuwa Bonge alikuwa analala miguuni pake chini ya meza, chakula kilipita chini. Bonge alipoanza kutolewa nje wakati wa kula, Baba akabaki na mifuko. Nilimshika mkanda. Ametoboa matundu mawili mapya kwa msumari.

Niliuliza kwa nini hakusema hata aliponiona namvua Mama ufunguo. Akafuta meno kwa kile kitambaa, akafuta tena. Akasema, "Ungemwambia kaka yako."

Nilimkuta Mama uwani, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, Bonge amelaza kichwa juu ya kiatu chake. Nikapiga magoti pale kwenye saruji. Nilianza kumweleza habari ya koti, akaniambia anajua. Alijua tangu jioni ile ile ya ufunguo, kwa sababu alikaa akawaza nani mwingine, kisha akatazama chini ya meza. Ndiyo maana alikuwa anamtoa Bonge nje. Ndiyo maana kila siku alasiri kulikuwa na bakuli la uji mzito pembeni ya saa za Baba, nami nikidhani ni uchu wa uzee.

"Sasa kwa nini umekubali tukugombeze karibu wiki mbili?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Kwamba mwanae amemletea meno na hawezi kuyalia?" Aliendelea kumkuna Bonge nyuma ya sikio. "Mimi nigombezeni. Nimegombezwa na wenye watoto miaka thelathini, nimezoea. Yeye hajazoea."

Nililia, Kaka. Sijui niseme vingine.

Jana ilikuwa Jumamosi ya nne. Tulikwenda wote, Baba pia. Daktari alimkandakanda Bonge kuanzia bega hadi kucha, akamtembeza kwenye korido mara tatu, mimi roho iko mkononi. Mguu wa kulia umeanza kunyooka. Wa kushoto utabaki umegeuka kidogo maisha yake yote, lakini hatakatwa, na kulazwa hakutajwa tena. Mbavu zake nilizipata kwa kiganja, zote. Tunaendelea na kikombe kile kile na nyasi zile zile mpaka afikishe mwaka na nusu, na mizani iwe ya kuangalia tu, si ya kushindana.

Ufunguo nimeurudisha. Mama aliupokea, akautia kwenye mfuko wa aproni, akaniuliza kama nimeanua nguo.

Sasa ninalokuomba ni mambo mawili. La kwanza, mwandikie Mama. Usimpigie, hatapokea, na ana haki. Mwandikie kwa mkono wako, umwombe radhi kwa maneno yale yale uliyomwambia, moja moja, kwa sababu anayakumbuka. Usimwulize kilo.

La pili ni la Baba. Amenisihi nisikuambie, nami nimekuambia, lakini hilo libaki kati yetu. Keshokutwa nampeleka kwa fundi wa meno ayakwangue yanapomkata, na ili asione haya tumesingizia kwamba anakwenda kutengeneza saa ya ukutani ya yule fundi. Wewe mpigie kama kawaida yako, na ukifika kwenye meno, muulize. Atakuambia yanamfaa sana, anavunjia hata mfupa. Mwitikie hivyo hivyo, Kaka, na ufurahi mpaka akusikie.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimeshakishona. Mbusu mwanenu mashavu yote mawili. Yule rafiki yako dereva mpe shukrani zetu, na umwambie abiria wake anatembea. Mungu akunyooshe huo mgongo, awape riziki ya halali na nyumba yenye amani, na atukutanishe tukiwa wazima, wote sita, meza moja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Chiriku